Chukua nakala kamili ya DVD yako kabla ya kuibana

Kama una DVD ya harusi, ya mahafali, au ya filamu uliyoinunua zamani na siku hizi haipatikani tena, naomba ufanye jambo hili mapema: ichukulie nakala kamili, yote kama ilivyo, kabla hujafikiria kuibana iwe ndogo. Wengi huanza na kubana. Diski inaingizwa, programu inatoa faili la GB moja na kidogo, kazi imekwisha, diski inarudi kabatini. Baadaye inanunuliwa televisheni kubwa, picha inaonekana ina ukungu, na ile diski ya asili ikitafutwa inakutwa haisomeki. Hapo hakuna programu ya kurudisha kilichokwisha kutupwa.

Ukiwa na rundo la diski, anza na zile zilizochomwa kwenye kompyuta, zenye maandishi ya kalamu ya wino juu. DVD ya kiwandani data yake imegandamizwa, na nyuma yake kuna utando wa chuma. Ya kuchomwa imeandikwa kwa mwanga wa leza kwenye tabaka la rangi maalumu, na rangi hiyo huharibiwa na joto na jua. Zigeuze uone: ya kiwandani kwa kawaida inang'aa rangi ya fedha, ya kuchomwa mara nyingi ina uzambarau. Na kwa bahati mbaya hizi dhaifu ndizo zenye mambo ambayo hayauzwi popote.

Kuhusu sheria, niseme wazi. Video yako mwenyewe unakili utakavyo. Filamu za kununua nyingi zimefungwa kwa kufuli la kidijitali, na nchi hazifanani. Marekani ilipiga marufuku kuvunja kufuli hizo kwa sheria ya mwaka 1998. Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi mwaka 2014, kisha mahakama ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 2015. Soma sheria ya unakoishi kwanza. Na nakala ya akiba ni ya diski uliyonayo mkononi. Diski ya kuazima au ya kukodi haimo katika mazungumzo haya.

Nakala kamili ninayoisema ni faili moja la ISO, lenye kila kitu kilichomo kwenye diski: menyu, sauti zote, maandishi ya tafsiri, hata vipande vya ziada. Kwenye Windows natumia ImgBurn, kwenye Linux K3b au Brasero, zote za bure. DVD ya tabaka moja hubeba GB 4.7 na ya tabaka mbili GB 8.5, hivyo hifadhi ya nje ya TB 1 inameza zaidi ya diski mia moja za aina ile kubwa. Ila angalia hifadhi hiyo imeandaliwa kwa mfumo gani. Ikiwa ni FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4, na utaambiwa faili ni kubwa mno huku nafasi tele ikiwa imebaki. Ihamishie kwenye exFAT, lakini kwanza toa vilivyomo, kwa sababu kubadilisha mfumo kunafuta kila kitu.

Kabla ya kunakili, ifute diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha. Mkwaruzo unaokatiza njia ya leza huharibu kidogo kila mzunguko, na diski ina hesabu za kujisahihisha ambazo hufidia upungufu huo. Mkwaruzo unaofuata duara huharibu sehemu ndefu mfululizo, na hesabu hizo hushindwa.

Sasa zile diski zinazokwama. Hapa ndipo ninapoisifu ddrescue kwa moyo wote. Ni programu huria, inatumika kwa kuandika amri, na wengi huikimbia kwa sababu hiyo tu. Programu ya kawaida ikifika penye kasoro hung'ang'ana hapohapo, draivu ikinguruma, mwishowe inakata tamaa na kukuacha mikono mitupu. ddrescue huruka penye ubishi, inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, kisha ndipo inarudi kwenye mapengo. Amri ya kwanza, kwenye Linux ambako /dev/sr0 ni jina la draivu ya DVD, ni hii:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Ikimaliza, unairudisha kwenye mapengo ijaribu mara tatu zaidi:

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Faili la harusi.map ndilo daftari lake la kazi. Linaandika kipi kimepatikana na kipi bado. Ukizima kompyuta usiku, kesho inaendelea ilipoishia. Zaidi ya hapo, unaweza kuihamisha diski kwenye draivu nyingine, ukatumia ISO ileile na daftari lilelile, nayo ikatafuta mapengo tu. Draivu hazina macho sawa. Sehemu iliyoishinda moja, nyingine huisoma bila shida. Nimeona diski zilizohukumiwa kuwa zimekufa zikipona kwa njia hii, kwa hiyo usitupe diski kabla hujaijaribu kwenye draivu ya pili.

ISO ikipatikana, ifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Usitazame dakika za mwanzo tu ukaridhika. Ruka hadi katikati, ruka hadi karibu na mwisho, badilisha lugha ya sauti, washa maandishi. Diski za kuchomwa mara nyingi huanza kuharibika ukingoni, na kwenye diski ya kawaida ya tabaka moja huko ndiko filamu inakomalizikia.

Baada ya hapo, bana upendavyo. HandBrake ndiyo ninayoitegemea: ni huria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na yenyewe haivunji kufuli. Fungua ISO, chagua kipande kirefu kuliko vyote, kwa kawaida ndicho filamu yenyewe. Kwenye ubora kuna kipimo kiitwacho RF, ambacho namba ikishuka ubora hupanda na faili hukua. Kwa DVD baki kati ya 18 na 22. Kwenye aina ya faili, chagua MKV ikiwa unataka kubeba sauti kadhaa pamoja na maandishi, maana maandishi ya DVD ni picha ndogondogo na si herufi, na vifaa vingi havionyeshi picha hizo zikiwa ndani ya MP4. Ukiona mistari kama meno ya kitana pembeni mwa vitu vinavyosogea, washa kichujio cha kuondoa mistari hiyo. Faili hili dogo ndilo la simu na televisheni. ISO usiiguse, na nakala yake ya pili ikae kwenye hifadhi nyingine, ikiwezekana katika nyumba nyingine.

Kuna aina moja ya diski inayowavunja watu moyo bure. Ni zile zilizorekodiwa kwenye mashine ya kurekodi DVD au kamera ya diski, ambazo kompyuta inadai ni tupu. Geuza upande wa chini uangalie. Ukiona duara lenye weusi tofauti kuanzia katikati, data imo. Ila diski haikufungwa baada ya kurekodi, yaani haikukamilishwa (finalize) ili vifaa vingine viweze kuisoma. Tafuta mashine ileile iliyoirekodi, au ya aina yake, uifunge kupitia menyu yake, kisha irudishe kwenye kompyuta. Mashine hizo zinazidi kuadimika, kwa hiyo kama unazo diski za namna hii, zitangulize hata kabla ya zile zenye mikwaruzo.