Karatasi za mapambo: zilazwe, zipumue, zionekane

Ukitaka kujua karatasi nzuri zinaharibikia wapi hapa Dar es Salaam, tazama juu ya makabati ya nguo. Ndiko wengi tunakotupia mifuko ya plastiki yenye karatasi za maua, za mistari na za dhahabu tulizozichagua kwa makini Kariakoo, tukisema zitatumika ikija harusi ya fulani. Kule juu kuna joto la bati, mfuko umefungwa fundo, na karatasi zimesimamishwa zikaegemea ukuta. Siku ya kazi ikifika, pembe zimejikunja, nyingine zimegandana, na zote zinanuka uvundo.

Natengeneza kadi na vifungashio vya zawadi: sendofu, harusi, arobaini za watoto, Idi na Krismasi. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya, na nawaandikia hasa watu wa Pwani, maana ushauri mwingi wa kuhifadhi karatasi umetoka kwa watu wanaoishi kwenye hewa kavu. Ukiufuata ulivyo, utaozesha mali yako.

Kwetu adui mkubwa ni unyevu. Wataalamu wa nyaraka hupenda hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 30 na 50. Dar asubuhi nyingi unapita 80, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo usiseme. Karatasi hunyonya maji hayo ya hewani na kutanuka. Ikiwa imesimama au imekunjwa, hutanuka vibaya na kubaki hivyo hivyo. Ikiwa imelazwa na kukandamizwa kidogo na uzito wa wenzake, haina pa kwenda, inabaki bapa. Kwa hiyo laza. Kama kuna jambo moja tu utakalolichukua hapa, liwe hilo.

Rafu iache nafasi ya vidole vinne hivi kutoka ukutani, na ya chini kabisa isiguse sakafu. Hewa ipite, na mchwa akipanda umwone mapema kwenye ukuta ulio wazi. Mwingine wa kumchunga ni yule mdudu mdogo bapa wa rangi ya fedha anayekimbia ukifungua kitabu cha zamani. Huyu hupenda unyevu na wanga, na baadhi ya gundi zina wanga. Mende ndiyo hivyo hivyo. Usile mezani pa kazi, futa makombo, na toa karatasi zote kila baada ya miezi michache, uzipangue na kuzikung'uta. Kupangua huko kunafukuza wadudu kuliko dawa yoyote niijuayo.

Maboksi ya plastiki yenye mfuniko si mabaya, mradi ujue unafungia nini ndani. Ukilifunga asubuhi ya mvua, umeifungia mvua humo. Mimi hufunga yangu mchana wa kiangazi, jua likiwa limewaka vizuri, na ndani naweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo hushiba, kwa hiyo vibadilishe. Mchele usiweke hata ukishauriwa, utakaribisha wadudu wengine.

Sasa suala la ukubwa, ambalo huwasumbua wengi. Karatasi nyingi za mapambo zinazotoka nje ni za mraba, inchi 12 kwa 12, yaani karibu sentimita 30 na nusu kila upande. Faili la A4 lina upana wa karatasi wa sentimita 21, haliziingizi bila kuzikunja. Suluhisho langu ni boksi jipya la piza. Nenda maduka ya vifungashio, nunua la inchi 13 au 14, karatasi italala humo kwa raha, na maboksi yanapangana juu kwa juu. Kadibodi ya bei rahisi huwa na asidi, na karatasi inayoigusa kwa muda mrefu huanza kuwa njano, hivyo tandika karatasi nyeupe ya printa chini na juu. Gazeti usitumie, lenyewe ndilo la kwanza kugeuka njano.

Mbele ya kila boksi nabandika kipande cha karatasi iliyomo. Maandishi hayanisaidii kitu. Nikiandika «maua mekundu» bado nitafungua maboksi matatu.

Na hapa nina msimamo: panga kwa rangi. Usipange kwa shughuli. Ukiwa na boksi la harusi na boksi la watoto, utaacha karatasi nzuri ya bluu yenye vitone ilale kwa watoto, na bibi harusi anayetaka bluu utamwambia huna, kisha utapanda daladala kwenda kununua nyingine ile ile. Mteja akija anataja rangi kwanza, tena mara nyingi anakuja na kipande cha kitambaa cha sare mkononi. Ndani ya kila rangi natenganisha michoro mikubwa na midogo, basi. Zaidi ya hapo ni kujichosha.

Masalia yasichanganywe na karatasi nzima, maana pembe zake hukwaruza. Kipande kilicho kikubwa kuliko kiganja kinaingia kwenye bahasha ya rangi yake; kilicho kidogo zaidi natoboa maua papo hapo au naachana nacho.

Jua nalo lina hesabu yake. Umeona mabango ya mitindo ya nywele kwenye saluni, yale ya zamani, yote yamegeuka bluu? Wino wa njano na wa waridi hupauka mapema, bluu na nyeusi hubaki. Ndicho kitakachozipata karatasi zako za waridi ukizipanga wazi mkabala na dirisha, hata kama zinapendeza machoni pa wateja. Weka mfano mmojammoja ukutani, akiba ibaki gizani.

Kabla sijaingiza karatasi nzito kwenye boksi, naipinda taratibu bila kuikunja, kwa urefu kisha kwa upana. Inakopindika kwa wepesi, nyuzi zake zimelala sambamba na mstari wa mpindo huo. Nyuma, pembeni, nachora mshale mdogo kwa penseli unaofuata nyuzi. Siku ya kukunja kadi nafuata mshale, na mkunjo unatoka safi. Ukikunja kinyume, karatasi nzito ya gramu 200 kwa mita ya mraba na kuendelea hupasuka rangi kwenye mkunjo na weupe wa ndani unaonekana kama kovu.

Zilizobaki ni karatasi za kufungia zawadi, za bunda la mviringo. Hizo haziwezi kulazwa bapa, kwa hiyo omba kwa wauza vitambaa mabomba ya kadibodi yanayobaki vitambaa vikiisha. Hutolewa bure au kwa bei ndogo. Zungushia karatasi kwa nje, mchoro ukitazama ndani, kisha funga kwa utepe wa kitambaa badala ya mpira, kwa sababu mpira huharibika kwa joto na kuacha alama ya kunata isiyotoka. Bomba lilale juu ya rafu.