Mdudu Mkubwa, Mfuko Mdogo: Mzee wa Lenzi Anajibu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja: nitapigaje picha za makro, za mdudu au punje ya chumvi iliyojaa fremu, nami fedha ya lenzi ya makro sina? Nimechagua tano. Kwa wasiopenda kusoma, jibu langu ni hili: shilingi ya kwanza iende kwenye mwanga, kioo kitafuata. Wengine tuendelee.

Shikamoo Mzee. Nina kamera ya kawaida na lenzi mbili: 18–55 iliyokuja nayo, na 55–250 aliyoniachia kaka. Nataka kumpiga nyuki hadi vinyweleo vyake vionekane. Muuzaji kaniambia bila lenzi ya makro nisahau. Kweli? – Mwenye Lenzi Mbili

Marahaba. Si kweli, na nadhani hata yeye anajua. Hiyo 55–250 ya kaka yako tayari ni nusu ya kazi. Tafuta kioo cha kukuza, kile kinachofungwa mbele ya lenzi kama filta. Nguvu yake huandikwa kwa daiopta: +1, +2, +4, +10. Chukua milimita 1,000, gawa kwa daiopta, utapata umbali ambao kitu kitaonekana vizuri lenzi yako ikiwa imelengwa mbali kabisa. Kioo cha +4 kinakupa milimita 250, yaani sentimita 25. Sasa gawa urefu wa lenzi, yaani ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake wala si urefu wa mwili wake, kwa umbali huo: 250 kwa 250 ni moja. Umefika ukubwa halisi, ule unaoandikwa 1:1. Nyuki wa milimita 12 anachukua milimita 12 za sensa, kile kibao kinachopokea picha ndani ya kamera, na sensa ya kamera nyingi za daraja lako ina upana wa milimita 22 hadi 24. Amejaza nusu ya upana wa picha.

Kioo hichohicho ukikifunga kwenye 18–55 unapata 55 kwa 250, hata robo haifiki, kisha utaniandikia kwamba nimekudanganya.

Angalia tu unachonunua. Vile vya pakiti, vinne pamoja, huwa na kioo kimoja kimoja: katikati safi, pembeni picha inavurugika na kingo zinaota rangi ya zambarau. Ni vya kujifunzia, na usivibebeshe kimoja juu ya kingine. Ukiweza kungoja, jikusanye upate aina yenye vioo viwili au vitatu vinavyosahihishana rangi. Raynox DCR-150 (daiopta 4.8) na DCR-250 (daiopta 8) zimewalea wapiga wadudu wengi sana, na hubanwa mbele ya lenzi kwa klipu tu.

Mzee, mimi nina lenzi ya 50 peke yake. Nichukue pete za kurefusha au ile pete ya kugeuza lenzi mbele nyuma? Na hazitaua kamera? – Wa Hamsini

Kamera haitakufa. Pete za kurefusha ni mirija mitupu inayokaa kati ya kamera na lenzi, ndani hamna kioo hata kimoja, ndiyo maana hata za bei rahisi haziharibu picha. Ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa pete ukigawanywa kwa urefu wa lenzi: milimita 25 kwenye lenzi yako ni nusu ya ukubwa halisi, milimita 50 ni ukubwa halisi kamili. Chukua zenye vidoti vya kupitisha umeme. Zisizo navyo hukata mawasiliano, na kwenye lenzi nyingi za kisasa huwezi tena kubadili tundu, ule mlango wa kupitishia mwanga ndani ya lenzi. Gharama yenyewe utailipa kwa mwanga: ukifika 1:1, mwanga unaofika kwenye sensa ni robo tu ya ule wa kawaida.

Pete ya kugeuza ndiyo rahisi kuliko zote. Hamsini iliyogeuzwa hukupa karibu ukubwa halisi, na lenzi ya 28 hupita mara mbili yake. Ila uso wa nyuma wa lenzi unabaki nje bila ulinzi, mdudu yuko sentimita chache tu kutoka kwenye kioo, na tundu lazima ulifunge kwa mkono. Kwa hiyo inapendeza lenzi ya zamani yenye pete yake ya tundu, ambayo watu wengi wanazo kabatini na hawazitaki. Mimi hugeuza lenzi kwa vitu visivyokimbia: kristali za chumvi, mishipa ya jani, unyoya. Mdudu hai nampigia pete za kurefusha.

Mzee wetu, jicho la nzi linatoka vizuri lakini mabawa ni ukungu mtupu. Nikafunga tundu hadi f/22, sasa picha nzima imekuwa laini laini. Lenzi yangu mbovu? – Mwenye Ukungu

Lenzi yako nzima. Hapa ndipo makro ilipo, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Kwa ukubwa halisi na f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kina kinachoonekana wazi hakifiki milimita moja. Nzi ana upana zaidi ya hapo. Ukifunga tundu unaongeza kina, lakini mwanga hupinda kwenye ukingo wa tundu dogo na kulegeza kila kitu, na ukiwa 1:1 tundu hufanya kazi kana kwamba namba yake imezidishwa kwa mbili. Hiyo f/22 yako kwa kweli ni f/44. Rudi f/8 au f/11 ukae hapo.

Kina kingine utakipata bure. Mzunguke nzi mpaka ubavu wake ulingane na uso wa sensa, jicho na bawa viwe kwenye bapa moja. Halafu achana na pete ya fokasi, ile ya kulengea kwenye lenzi: iache ilipo, yumba mwili mbele na nyuma taratibu, bonyeza jicho linapowaka. Kwa kitu kilichotulia unaweza kupiga picha nyingi ukisogea kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. PICOLAY ni ya bure, na Hugin, ya bure pia, huja na Enfuse inayofanya kazi hiyo.

Sasa hesabu: umepoteza mwanga kwa ukuzaji, umepoteza mwingine kwa f/11, na mkono unatikisika. Jua pekee halitoshi. Flashi ndogo yoyote ambayo nguvu yake unaipanga mwenyewe inatosha, kwani ikiwa kwenye nguvu ndogo mmweko wake unaweza kuwa mfupi hata wa 1/10000 ya sekunde, na huo ndio unaogandisha mtikisiko, shata, lile pazia la kamera, haihusiki. Kuwa mwangalifu na flashi za enzi ya filamu: baadhi hutoa zaidi ya volti 200 kwenye kiunganishi, na hizo kweli zinaweza kuunguza kamera. Zipimwe kwanza.

Flashi isipigwe tupu. Mtazame mbawakawa mweusi aliyepigwa flashi tupu: mgongoni ana doa jeupe la mraba, kama kibandiko cha bei, na rangi yote ya gamba imepotea pembeni yake. Kata plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, au karatasi nyeupe, ikunje kama paa juu ya ncha ya lenzi, flashi ipige ndani yake. Iwe kubwa, iwe karibu na mdudu. Lile doa litapanuka na kufifia hadi uone vishimo vidogo vya gamba, kimoja kimoja. Hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokufanyia hivyo.

Sina kamera, nina simu. Lenzi za kubana zinafaa? – Wa Simu

Zinafaa kuliko watu wanavyosema. Ibane katikati kabisa ya kamera kuu ya simu. Ile kamera ya pili iliyoandikwa «makro» ya megapikseli 2 isahau. Utakuwa karibu sana na kitu, sentimita mbili tatu, kwa hiyo egemeza mkono, na mwombe mtu amulike kwa tochi kupitia karatasi nyeupe.

Wadudu wananikimbia. Rafiki huwatia kwenye friji kwanza ili wapoe. – Asiye na Bahati

Mwambie rafiki aache. Mdudu aliyegandishwa hukaa vibaya na miguu yake humsaliti kwenye picha, mbali na kwamba ni ukatili. Nenda alfajiri, baridi ya usiku ikiwa haijawatoka, wengine wana umande hadi kwenye macho. Shuka usawa wao, kivuli chako kisiwapitie, sogea moja kwa moja bila kuyumba pembeni. Kereng'ende akiruka usimfuate. Wengi hurudi kwenye kijiti kilekile, basi lenga kijiti, weka flashi tayari, ngoja.