Berea College: hakuna ada, ila kuna ufagio

Mkuu, nimeona swali lako. Dogo kapata nafasi Berea College, Kentucky, kaambiwa hakuna ada na kwamba atapangiwa kazi za mikono, na mzee anaogopa kwamba chuo cha bure kilichoko vijijini Marekani hakiwezi kuwa chuo cha maana. Nimesoma pale miaka minne. Naandika kwa kirefu kwa sababu mama yangu, Singida, aliniuliza hayohayo kabla sijaondoka.

La ada ni kweli tupu. Chuo hakimtozi mwanafunzi ada tangu 1892. Mwaka 1920 wakuu wa chuo waliamua kwamba mtu akikiachia chuo urithi bila masharti, fedha ile isiliwe, iingie kwenye mfuko wa akiba na watumie faida yake. Leo mfuko huo umevuka dola bilioni moja. Ila malazi na chakula ni hesabu nyingine. Mwanafunzi wa kigeni mwaka wa kwanza anafadhiliwa, miaka inayofuata anachangia kiasi kutokana na kazi za chuoni na za likizo. Mzee aelezwe hilo mapema, asije akashtuka.

Na usidhani ni bure kwa yeyote. Mtoto wa mwenye uwezo hapokelewi hata awe na ufaulu gani, kwa sababu nafasi zile ni za familia zenye kipato kidogo. Ndiyo maana kila mtu anafanya kazi, angalau saa 10 kwa wiki, awe mwaka wa kwanza au wa mwisho. Kuna wanaolima shamba la chuo, wanaofuma vitambaa, wanaohudumia wageni kwenye hoteli ya chuo, Boone Tavern, iliyopo tangu 1909, na wanaosaidia maabara au ofisini. Msimamizi anakupima kazini kama mwalimu anavyokupima darasani.

Mimi nilipangiwa karakana ya mifagio. Siku ya kwanza nilifunguliwa fungu la mabua nikasimama nikilitazama, maana nililijua. Ule ni mtama. Ni aina ya mtama ambayo suke lake ni refu na lina nyuzi nyingi, halimwi kwa ajili ya chakula, linalimwa lifagie. Unayalowesha mabua yasivunjike, unayapanga kwa urefu, unayazungushia kwenye mpini huku mkono mmoja ukivuta uzi uliokaza na mwingine ukiongeza mabua kidogokidogo, kisha unaubana ufagio ubapa na kuushona safu kwa safu. Uzi ukilegea mara moja tu, ufagio wote unapwaya na unaanza upya. Mimi niliyekulia kwenye mtama wa mama na fagio za chelewa nilijifunza subira pale kuliko darasa lolote. Likizo ya kwanza nilimletea mama mmoja. Akaunusa, akasema, "Mwanangu, wamekupeleka mbali kote huko kwenda kufanya mtama?" Halafu akaugeuza, akakagua mshono, akauliza nimeshona mwenyewe. Hajafagilia hadi leo, umetundikwa sebuleni.

Niliyekaa naye bwenini alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka milima ya mashariki mwa Kentucky, wa kwanza kwao kufika chuo. Nilikuwa sijawahi kukaa na Mzungu ambaye kwao hela ya mwisho wa mwezi ni mashaka. Kwao wanakula maharage na mkate wa mahindi, na alipoona nakoroga ugali akasema bibi yake angeuelewa. Mazungumzo yetu ya usiku yalinifundisha Marekani ambayo sinema haionyeshi.

Sasa historia, na hii naomba dogo aisome kabla hajapanda ndege, kwa sababu bila hiyo ataona kazi na ada tu. Jina limetoka Matendo ya Mitume sura ya 17, ule mji ambao Biblia yetu inauita Beroya. Mwanzilishi, John G. Fee, alikuwa mtoto wa mmiliki wa watumwa, akaupinga utumwa waziwazi mpaka baba yake akamnyima urithi. Mwaka 1855 akaanzisha shule ya chumba kimoja, katika jimbo lenye utumwa. Desemba 1859 watu wenye silaha wakampa yeye na wenzake siku 10 wahame Kentucky. Wakahama. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopigwa, Fee alikwenda kambi ya Camp Nelson kuwafundisha askari weusi na familia zao, na vita vilipokwisha baadhi yao wakamfuata Berea. Mwaka 1866 shule ilikuwa na wanafunzi 187: weusi 96 na weupe 91, wavulana kwa wasichana. Mwaka mmoja tu baada ya utumwa kufutwa!

Halafu 1904 bunge la Kentucky likatunga sheria ya kukataza weusi na weupe kusoma pamoja. Berea ndiyo ilikuwa shabaha, maana hapakuwa na chuo kingine cha namna ile jimboni. Chuo kikashtakiwa na kutozwa faini, kikakata rufaa, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na 1908 kikashindwa. Jaji John Marshall Harlan, naye mtu wa Kentucky, aliipinga hukumu hiyo. Wanafunzi weusi wakaondolewa, chuo kikachangisha fedha kuwajengea shule nyingine, Lincoln Institute, iliyofunguliwa 1912 karibu na Louisville. Mlango wa Berea haukufunguka tena kwao hadi sheria iliporekebishwa 1950. Carter G. Woodson, yule aliyeanzisha 1926 wiki ya historia ya watu weusi ambayo baadaye ikawa mwezi mzima, alimaliza Berea 1903. Mwaka mmoja kabla. Nikipita kwenye majengo yale nilikuwa namfikiria aliyekuwa nyuma yake kwa darasa moja.

Kwa hiyo ukiona leo mwanafunzi wa Singida na wa milimani wanashona mifagio benchi moja, hilo liliwahi kuwa kosa la jinai. Chuo kilitozwa faini kwa hilo.

Kuhusu masomo, mzee asibabaishwe na jina "sanaa huria", si uchoraji. Huku ukitoka kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia, biolojia) njia yako imeshachongwa. Kule nilisoma kemia kama fani yangu, lakini nikatakiwa pia nisome historia, dini, uandishi. Mwanzoni niliona napotezewa muda. Leo naandika ripoti ambayo mtu asiye mkemia anaielewa, na ninajua nilikoupata uwezo huo. Wanafunzi ni kama 1,500, wote wa shahada ya kwanza, kwa hiyo mwalimu anakujua kwa jina na usipofika anauliza uko wapi.

Mji ni mdogo, asitarajie mambo ya New York. Jioni ni kimya. Lexington iko kama kilomita 60. Oktoba kuna siku moja masomo yanasimama, chuo kizima kinapanda mlima ulioko kwenye msitu wa chuo, majani yamegeuka mekundu na ya njano, na huko juu kuna muziki wa banjo. Januari ni ngumu kwa baridi na upweke, na hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na karakana ya kwenda, yenye watu na mikono yenye shughuli.

Taratibu zilizobaki dogo azifuate mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, asimlipe dalali yeyote. Sweta abebe moja tu, mengine atapata huko. Na unga wa ugali asibebe, wa mahindi upo dukani, ni wa njano kidogo lakini unasonga vizuri.