Swichi ya dharura imezimwa, injini bado inanguruma

SWALI: Gari langu la rali lina swichi kuu ya kukata umeme yenye nati mbili za kufungia waya. Nikiikata, injini haizimiki. Ninunue ipi?

JIBU: Hiyo inakata betri tu, alteneta (jenereta inayozungushwa na injini) inaendelea kulisha koili inayotoa umeme wa cheche. Tena bila betri volteji hupanda ghafla na kuunguza diodi za alteneta, hata kompyuta ya injini. Nunua ya nati sita: mbili nene za betri, mbili za waya wa ignisheni unaolisha koili, na mbili zinazoungana swichi ikikatwa, zimwage umeme wa alteneta kwenye bodi ya gari kupitia rezista (kipingamizi cha umeme) ya omu 3, wati 11. Fundi akitaka kutoifunga rezista hiyo, usikubali. Dereva aifikie swichi akiwa amefunga mkanda, na nje kuwe na kebo ya kuvuta. Ijaribu injini ikiwa inanguruma.