Bunduki ya zamani ya jeshi: anza na boksi la risasi

Mkuu, nimekuelewa: uko Marekani, una dola 700, unataka bunduki moja ya jeshi la zamani, ya kuhifadhi na ya kupigia shabaha Jumamosi, na unasita kati ya Mosin ya Urusi, K31 ya Uswisi, Garand ya Marekani na Lee-Enfield ya Uingereza. Wengi watakutajia jina. Mimi nasema anza na boksi la risasi, kwa sababu bunduki unainunua mara moja, risasi utazinunua mpaka uzeeke.

Kwanza karatasi. Mwenye uraia au Green Card ananunua kama watu wengine. Aliyeko kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki, isipokuwa awe na msamaha kama leseni halali ya uwindaji. Leseni ya mkusanyaji, ile ya Curio and Relic, ni dola 30 kwa miaka 3. Unajaza fomu ya 7CR ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ukiipata unaweza kuletewa mlangoni bunduki iliyofikisha miaka 50 na ambayo haijabadilishwa umbo. Jimbo lako linaweza kukaza zaidi, kwa hiyo uliza huko kabla hujalipa.

Garand inakula .30-06, risasi ya kila duka, ila si kila .30-06 inaifaa. Risasi nzito za kisasa za kuwindia zinasukuma gesi nyingi mno kwenye pistoni, na ule mkono mrefu unaorudisha nyuma bolti (chuma kinachoingiza risasi na kuifungia ndani) hupinda. Tafuta zilizoandikwa wazi kuwa ni za M1 Garand, kichwa chenye uzito wa gireni 150. Lakini kwa dola 700 Garand nzima ni bahati, na CMP, shirika linalouza Garand za jeshi, wanauza kwa raia wa Marekani tu.

Mosin ilikuwa jibu zuri ilipouzwa chini ya dola 100. Kwa bei ya sasa unalipia triga nzito na bolti inayogoma kufunguka ukishapiga risasi kumi. Kugoma huko mara nyingi ni kosmolini, ile grisi ya ghalani, iliyoganda ndani ya chemba, pale risasi inapokaa: ikipata moto inakuwa gundi. Brashi ya chemba na mafuta ya taa yanaimaliza. Triga itabaki nzito.

K31 ya Uswisi ndiyo yenye shabaha kali kuliko zote hizi, na bolti yake unaivuta moja kwa moja bila kuizungusha. Usiogope kitako kilichochubuka na kuwa cheusi upande wa chini, hiyo ni sura tu. Shida yake ni risasi: 7.5x55 inatengenezwa na viwanda vichache. Kama duka lako halina maboksi kumi rafuni, ahirisha.

Kwa hiyo ningekuelekeza kwenye Lee-Enfield No. 4. Kaliba ni .303, bado inatengenezwa mpya, na magazini inabeba 10. (Wazee wetu wa KAR, jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, waliijua familia hii ya bunduki vizuri. Mwaka 1914 askari wengi wa Mjerumani upande wa pili walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, na moshi wake uliwasaliti kila walipofyatua.) Nyingine zimechongwa maneno U.S. PROPERTY. Hizo zilitengenezwa na Savage huko Massachusetts kwa ajili ya Uingereza. Jeshi la Marekani halikuzitumia, asikupandishie bei mtu kwa maneno hayo.

Ukiishika, hakikisha haina risasi, kisha linganisha namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti na ile ya ubavuni mwa bunduki. Zikitofautiana si mwisho wa dunia, ila bei ishuke na geji iwe lazima. Geji inapima hedispesi, yaani nafasi kati ya uso wa bolti na mahali ukingo wa risasi unapokaa. Kwa .303, bolti lazima ifunge kwenye geji ya inchi 0.064 na ikatae kufunga kwenye ya 0.074. Ikifunga kwenye ya pili, ganda litakuwa linavutika nyuma kila unapofyatua mpaka likatike karibu na kitako chake. Uzuri wa No. 4 ni kwamba kichwa cha bolti kinafunguliwa kwa mkono na kina namba, 0 hadi 3; namba kubwa kwa kawaida ni ndefu kidogo, hivyo unaweza kubana nafasi kwa kubadilisha hicho tu. Ila ukikuta tayari ina namba 3 na bado geji ya 0.074 inameza, iache.

Mdomo wa mtutu ndio unaoharibu shabaha kuliko weusi wa ndani. Wanajeshi walisafisha kwa kuvuta kamba, na kamba ikivutwa kwa mshazari inakula upande mmoja. Chukua kichwa cha risasi kitupu, si risasi nzima, kichomeke mdomoni. Kikizama chote, mtutu umechoka. Mtutu mweusi wenye mifereji yenye kingo kali bado unapiga vizuri.

Kama ni toleo la Mk I* la No. 4, angalia reli ya kulia, pale penye pengo la kutolea bolti. Pakimeguka, kichwa cha bolti kinaruka nje ya reli unapovuta nyuma kwa haraka. Na ubao wa mbele usiwe umekatwa. Iliyokatwa inauzwa rahisi, lakini mbao na vyuma vya kuirudisha vitakula zaidi ya ulichookoa.

Kupakia nako kuna adabu yake. Risasi ya .303 ina ukingo uliotokeza, kwa hiyo ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ule wa chini. Ukikosea, zinanasana na bolti haisukumi.

Risasi za zamani za ghalani nyingi zina fataki (kile kinachowasha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Anayepaka mafuta tu anaifunika ikae vizuri. Siku hiyohiyo mimina nusu lita ya maji ya moto kutokea chemba, kausha kwa vitambaa mpaka kitoke kikavu, ndipo upake mafuta. Uso wa bolti nao usisahau. Kesho yake pitisha kitambaa kingine. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia. Ukifyatua moja ikakaa kimya, shikilia mdomo kwenye shabaha sekunde 60 kabla hujafungua.

Siku ya kwanza uwanjani pakia moja moja, zile mpya za dukani. Okota ganda ulitazame juani: likiwa na mstari unaong'aa kulizunguka, sentimita moja hivi juu ya kitako, simama hapo na umpelekee fundi bunduki pamoja na ganda lenyewe. Ganda kuvimba kidogo upande wa mbele kusikushtue. Chemba za .303 zilichongwa pana ili bunduki ifanye kazi hata kwenye matope.