Maswali Yenu Kuhusu Mwaka wa Kanisa: Zambarau, Nyeupe na Miezi Mirefu ya Kijani

Tangu nilipoeleza katika safu hii kwa nini kitambaa cha altare hubadilishwa rangi, maswali yamenijia kutoka kila upande wa mlima. Nimechagua manane na kuyafupisha. Kwa wasomaji wapya niseme kwamba mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri mjini Moshi, na mke wangu alilelewa katika Ukatoliki upande wa Kilema. Ukutani kwetu zimening'inia kalenda mbili za kanisa, nazo zinakubaliana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kwa nini mwaka wa kanisa unaanza na Majilio na si Januari mosi? Na kuna ubaya gani kuimba nyimbo za Krismasi mapema, ilhali maduka ya hapa mjini yanazipiga tangu Novemba? — Mwanakwaya, Sakina, Arusha

Mwaka wa kanisa unafuata maisha ya Bwana Yesu, na maisha hayo yalitanguliwa na watu waliomngoja kwa muda mrefu. Ndiyo maana unaanza kwa kungoja, yaani kwa Majilio, majuma yanayotangulia Krismasi. Jumapili ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, kwa hiyo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka huu wa 2026 itakuwa tarehe 29 Novemba.

Kwaya kufanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi mwezi Novemba si kosa, maana sauti ya nne haijifunzi yenyewe usiku wa mkesha. Kosa ni kuziimba katika ibada kabla ya wakati wake, kwa sababu Krismasi ikifika inakuwa imekwisha kuchakaa. Sina ugomvi na wenye maduka, lakini angalieni: tarehe 26 Desemba spika zao zimenyamaza, na kanisani furaha ndiyo kwanza imeanza, nayo inaendelea hadi Epifania, tarehe 6 Januari.

Wenye watoto wadogo wanaweza kutumia shada la Majilio. Mchungaji wa Kijerumani, Johann Hinrich Wichern, alilitengeneza mwaka 1839 huko Hamburg kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Alichukua gurudumu la mkokoteni akapanga juu yake mishumaa midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, ili watoto waone kwa macho siku zilizobaki. Sisi nyumbani tunatumia mishumaa ileile tunayoiweka kwa ajili ya kukatika kwa umeme, minne tu, ndani ya sahani yenye mchanga.

Kila Desemba tunapanda basi kutoka Dar es Salaam kuja nyumbani Marangu. Mimi na kaka yangu mkubwa hatujasalimiana mwaka wa tatu sasa, kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Mahubiri ya Majilio yanasema "itengenezeni njia ya Bwana", nami naona njia yenyewe inapita mlangoni kwake. Nianzie wapi? — Mdogo mtu

Umekwisha kuanza, maana umekiri kwamba njia inapita mlangoni kwake. Wengi wetu tunapenda ipite mlangoni kwa mtu mwingine.

Anayesikika zaidi katika Jumapili za Majilio ni Yohana Mbatizaji, na ukisoma Luka sura ya 3 utaona kwamba makutano walipomuuliza wafanye nini, hakuwapa jibu la mawinguni. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa, askari atosheke na mshahara wake. Kila mtu aliambiwa jambo moja lililo katika mikono yake mwenyewe, na kwako wewe jambo hilo ni kaka yako.

Wazee wetu walituachia namna ya kulifanya. Jani la sale, mmea uleule tulioupanda mpakani, ndilo Mchaga anayekwenda kuomba msamaha hulishika mkononi, na ni vigumu sana kwa anayeletewa kulikataa. Nimewahi kumwona mtu wa makamo amesimama jioni nje ya lango la ndugu yake, jani la sale amelizungushia gazeti kama mtu anayeficha chupa, kwa sababu aliona aibu majirani wakimwona. Alisimama pale hadi mbwa akachoka kubweka. Ndugu yake alipotoka hakusema neno. Alilipokea lile gazeti, akalifungua, akamwambia aingie ndani kabla mtori haujapoa. Sijui walizungumza nini baada ya hapo, na sikupaswa kujua.

Nakushauri mambo mawili. La kwanza, usingoje tarehe 25, kwa maana siku hiyo nyumba imejaa watu, mbege imekwisha kuzunguka, na neno dogo huwa kubwa. Panga kufika siku tatu au nne kabla, uende kwake kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote, naye akiwa mkubwa umwamkie kwanza kama ulivyomwamkia mlipokuwa watoto. La pili, usichanganye kupatana na kugawana ardhi. Huombi msamaha kwa kuwa na dai, unaomba msamaha kwa miaka mitatu ya kumnyima salamu. Mpaka mtaupeleka kwa wazee wa ukoo, na wakishindwa, baraza la kata lipo kwa ajili ya usuluhishi, lakini mtakwenda huko mkiwa ndugu wanaozungumza. Mathayo 5 inamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake, ndipo arudi kuitoa. Haisemi wamalize kesi kwanza.

Kwa nini tarehe ya Pasaka inahamahama? — Mwanafunzi wa kidato cha pili, Himo

Kwa sababu inafuata mwezi wa angani. Tangu Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, Wakristo walikubaliana kuiadhimisha siku moja, na kanuni iliyokuja kukaa ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka huu ilikuwa tarehe 5 Aprili, mwakani ni tarehe 28 Machi. Ukiijua Pasaka unaweza kuhesabu zilizobaki: rudi nyuma siku 46 upate Jumatano ya Majivu, na Pentekoste ni siku ya hamsini ukianza kuhesabu na Pasaka yenyewe.

Naendesha bodaboda, kijiwe chetu kipo Majengo, Moshi. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani vilianza wiki moja. Wenzangu Waislamu walifunga kutwa, mimi saa nne nilikuwa nakula chapati na maharage, na niliposema nami nimefunga walinicheka sana. Hivi Wakristo tunafunga au tunajidanganya? — Mwendesha boda

Walikuwa na haki ya kucheka kidogo, na kosa lako la kwanza lilikuwa kutangaza. Bwana Yesu katika Mathayo 6 anataka anayefunga ajipake mafuta kichwani na kunawa uso, ili watu wasimtambue.

Sasa tuje kwenye swali. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, na ukiondoa Jumapili sita, ambazo hazifungwi kwa kuwa kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuo, zinabaki 40. Kanisa Katoliki linawaagiza waumini wa miaka 18 hadi 59 kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili na miwili midogo ambayo kwa pamoja haifikii mlo kamili. Kuanzia miaka 14 wanaacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima. Sisi Walutheri hatuna sheria ya namna hiyo. Katekisimo Ndogo ya Luther inasema kufunga ni zoezi jema la mwili, kisha inaweka uzito wote katika imani. Bahati mbaya wengi wetu tumelisoma hilo kama ruhusa ya kutofanya lolote.

Mimi sitakuambia ushinde na njaa juani ukiwa umebeba abiria, kwa maana ukipata kizunguzungu katika barabara ya Arusha, si wewe peke yako utakayelipa. Lakini najua, kwa kuwa nina kijana anayefanya kazi hiyo, kwamba jioni ukishampelekea mwenye pikipiki hesabu yake kuna kiasi kinachobaki mfukoni, na kuna mahali kinapoishia. Anzia hapo. Shilingi 1,000 kwa siku, kwa siku 40, ni shilingi 40,000. Isaya 58 inaeleza saumu anayoitaka Mungu kuwa ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumvika aliye uchi. Mtafute mtoto mmoja mtaani kwako ambaye hana sare, umnunulie kabla ya Pasaka, na kijiweni usiseme.

Jambo jingine ni la adabu tu. Mwezi wa Ramadhani chapati zako kale kibandani, si juu ya pikipiki mbele ya watu waliofunga. Na wakikukaribisha futari, nenda.

Nafundisha watoto shule ya Jumapili. Picha za vitabu vyetu zinaonyesha theluji wakati wa Krismasi na maua ya machipuko wakati wa Pasaka. Watoto wa hapa nawafundishaje? — Mwalimu, Kibosho

Theluji watoto wako wanaiona wakiinua macho, ila waambie ya huku inakaa juu Kibo na haishuki Desemba. Picha hizo zinasema ukweli wa Ulaya, ambako Krismasi hufika siku zikiwa fupi na giza likiwa refu. Kwetu Desemba ni jua na vumbi la magari ya wageni, na Pasaka hutukuta katika masika, viatu vimejaa tope. Itumieni hiyo. Wakati wa Kwaresima wazazi wengi huteremka kupanda mahindi katika mashamba ya tambarare, na Yohana 12 inazungumzia punje inayoanguka katika nchi na kufa ndipo izae. Mpe kila mtoto punje tatu za mahindi na kopo la udongo Jumapili ya Matawi. Baadhi zitaoza. Usizifiche zilizooza.

Na yale matawi msiyatupe. Mama mkwe wangu huyachomeka nyuma ya msalaba wa sebuleni, yanakaa hapo mwaka mzima yakigeuka rangi ya chai, kisha yanarudishwa parokiani kuchomwa, na majivu yake ndiyo yanayopakwa kwenye paji la uso mwaka unaofuata. Mtoto aliyeona tawi lake mwenyewe likichomwa hahitaji maelezo mengi.

Baada ya Pentekoste kitambaa cha altare ni kijani, kijani, kijani. Mahudhurio yanashuka na mimi mwenyewe nachoka. Kipindi hiki kina kazi gani? — Mzee wa kanisa mwenzako, Machame

Mzee mwenzangu, mwaka huu kutoka Pentekoste, tarehe 24 Mei, hadi Majilio ni majuma 27, yaani zaidi ya nusu ya mwaka. Anayependa sikukuu peke yake anaishi nusu ya mwaka nje ya kanisa.

Wewe una kahawa, kwa hiyo nitasema kwa lugha ya kahawa. Kipindi cha kijani kinatukuta katika baridi ya Juni na Julai, mlima umejifunika siku nyingi mfululizo, na matunda yanaanza kuiva. Kahawa haivunwi mara moja kama mahindi. Unachuma nyekundu, unaiacha ya kijani, baada ya siku kadhaa unarudi kwenye mti uleule, na tena unarudi. Masomo ya Jumapili hizi ndivyo yalivyo: mpanzi, mdaiwa asiyesamehe, talanta, Msamaria. Tumeyasikia tangu utoto, na kila mwaka kuna tunda moja ambalo mwaka jana lilikuwa bichi.

Kuhusu mahudhurio, sikukuu ya mavuno huangukia humo humo, na sijaona mtu anayesinzia wakati wa mnada. Mwaka jana kwetu mkungu mmoja wa ndizi ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanadiwa upya, ukarudishwa tena, hadi mnunuzi wa nne alipoupeleka kwa mjane aliyeuleta. Kisha ikaja Novemba 2, siku ya Marehemu Wote kwa ndugu zetu Wakatoliki, mke wangu akaenda kufyeka majani kwenye kaburi la baba yake. Mimi Mlutheri nilimbebea panga.

Mume wangu ni Mpentekoste. Anasema mwaka wa kanisa ni mapokeo ya wanadamu. Nimjibu nini? — Mama, Usa River

Mkubalie kwanza, kwa sababu hakuna aya inayoamuru Majilio wala Kwaresima, na Paulo katika Wakolosai 2 anakataza watu kuhukumiana kwa ajili ya sikukuu. Katazo hilo linawahusu wote wawili: wewe usimhukumu kwa kutofuata, naye asikuhukumu kwa kufuata. Halafu siku akiwa na moyo mkunjufu, na si mbele ya wageni, mkumbushe kwamba Pentekoste, lililo jina la kanisa lake, ni jina la sikukuu.

Ni mlinzi wa usiku wa ghala, Njiro. Mwaka wa tatu sasa mkesha wa Krismasi na wa Pasaka unanikuta lindoni. Je, nimekosa mwaka wa kanisa? — Mlinzi

Soma Luka 2:8 polepole. Habari ya kwanza ya Krismasi iliwafikia watu waliokuwa "wakikaa makondeni na kulinda kundi kwa zamu usiku". Waliokuwa wamelala ndio walioikosa.

Hata hivyo usiridhike na maneno yangu. Ongea na mwenzako sasa, kabla ya Desemba, mbadilishane angalau mkesha mmoja kati ya hiyo miwili. Mweleze mchungaji ratiba yako, ili Chakula cha Bwana kikufikie siku ya juma usipoweza kufika Jumapili. Lindoni beba Zaburi ya 130, ambayo ni fupi na inamtaja mlinzi anayeingoja asubuhi. Na Pasaka, kama zamu yako inaisha saa kumi na mbili, sharika nyingi zinakuwa hazijaanza ibada ya kwanza. Nenda na sare yako ya kazi hivyo hivyo, rungu mwachie anayekupokea.