Usikubali kumkalisha nyumbani, dada yangu

Assalaam alaykum dada yangu. Umesema mwanao wa miaka 7 anapiga wenziwe, anatoka darasani mbio, na skuli imekwambia ukae naye nyumbani "mpaka atulie". Nakuomba usikubali. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo hapa Wete, Pemba, nikakubali, na muhula ule naujutia hadi leo. Alirudi kasahau hata herufi alizokuwa akizijua.

Kwanza kampime masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi na kumbe hajui kaambiwa nini. Wangu masikio yalikuwa mazima, na daktari ndiye aliyetutajia usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na ahisi mambo tofauti na wenziwe. Kabla ya hapo tulishamnywesha makombe mengi, yale maji ya kuoshea aya za Qur'ani zilizoandikwa sahanini. Kumsomea mtoto simkatazi mtu, mimi mwenyewe namsomea kila usiku, lakini kisomo kisikuzuie kwenda hospitali. Bakora ndiyo uiache kabisa. Mimi nilimpiga, ikafika hadi nikiinua mkono kumchana nywele anajikunja.

Kilichotuokoa ni daftari. Mwalimu wake alikuwa na watoto zaidi ya 70 darasani, nikajua atanikatalia. Nilimwomba mistari mitatu tu kila vurugu ikitokea: saa ngapi, nini kilitangulia, na yeye alifanya nini baadaye. Alikubali, Mungu amlipe kheri. Baada ya wiki mbili tukakaa kulisoma, na karibu kila vurugu ilikuwa ni wakati wa mapumziko au wa kutoka. Kengele ya skuli ile ni rimu la gari lililotundikwa kwenye mwembe, hatua chache tu na dirisha alilokaa mwanangu. Likigongwa huziba masikio na kuingia chini ya dawati. Wenziwe humvuta wakidhani wanamsaidia, na atakayemgusa wakati ule hung'atwa. Miezi yote ile tulikuwa tukimwadhibu mtoto aliyekuwa akiumizwa na sauti ya chuma.

Mwalimu akamhamishia upande wa pili wa darasa. Dakika chache kabla ya kengele humwonyesha ishara ya mkono, naye hutoka na mwenziwe mmoja kupeleka madaftari ofisini. Usonji hauponi kama homa, na bado tuna siku ngumu, hasa mvua ikipiga bati. Lakini kung'ata watu kuliisha mwezi ule ule.

Kwa mwanao sababu yaweza kuwa nyengine kabisa. Pengine anasoma mkondo wa jioni na anafika na njaa. Pengine hesabu hazielewi, na kutoka mbio ndiyo njia yake ya kuikimbia aibu. Kama ni mtoto wa kutotulia tu, mwambie mwalimu ampe agizo moja moja, amkalishe mbele, na ampe kazi ya kuinuka, hata kufuta ubao. Mtoto wa namna hiyo ukimpa maagizo matatu kwa pamoja, la pili keshalisahau.

Ukirudi skuli nenda na babake au mjomba wake, na uzungumze kwa adabu bila ya kuomba kama unaomba hisani. Tanzania iliridhia 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 24 kinahusu elimu. Zanzibar ina sheria yake ya watu wenye ulemavu ya 2022. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali nayo ina kitengo cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha; elimu mjumuisho ni kusomesha watoto wote pamoja, wenye ulemavu na wasio nao. Muulize mwalimu mkuu nani pale skuli anashughulikia elimu mjumuisho. Akikosekana mtu, panda ofisi ya elimu ya wilaya, na majibu yao uyaandike.

Daftari usingoje skuli ikupe. Kanunue leo, na vurugu ya kwanza itakayotokea hapo nyumbani anza nayo hiyo. Ukifika wiki mbili njoo utwambie umeona nini, tusome pamoja.